Mforosadi wa Rizqallah

Basi dogo la kutoka Beirut lilipopita kizuizi cha askari, mzee Nakhle aliilaani serikali kimoyomoyo, kama kawaida yake, kisha akatega sikio. Kiti cha mbele, msichana wa Brazil alikuwa akimweleza Umm Tanios, mama wa kijiji jirani, kwa Kiarabu cha kuungaunga, kwamba anatafuta nyumba ya Rizqallah Shalhub, baba wa babu yake, aliyehamia Santos.

"Ahaa, umefuata fungu lako!" Umm Tanios akamchokoza. "Nyie mnakula raha huko, sisi tunaziba paa, halafu mnarudi na pasipoti."

"Kisheria nusu ya nyumba bado ina jina lake, shangazi."

"Sheria ndiyo iliyoziba paa?"

Nakhle akavuta kofia hadi kwenye nyusi. Nyumba hiyo ndiyo anayoishi yeye.

"Lakini sijafuata mawe," msichana akasema. "Nataka kuuona mforosadi wa mlangoni. Bibi aliutaja mpaka anakata roho."

"Huo utaukuta. Nani mwenye akili atakata mti wa mlangoni?"

Majira ya baridi yaliyopita, wakubwa walipandisha bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto, na Wadia, mke wa Nakhle, alikuwa akitetemeka kitandani. Mforosadi uliwaka vizuri. Wadia alikufa bila kusikia baridi.

Basi likasimama. Msichana akauliza nani anaijua nyumba. Dereva akamwelekezea Nakhle kidevu: "Anakaa humo."

"Usimpe hata kokoto!" Umm Tanios akapiga kelele dirishani.

"Njoo, binti yangu," Nakhle akasema, akishuka. "Kisiki kipo."