Tobias Were, Mpiga Tarumbeta wa Okestra

Wachungaji, ndugu, majirani na marafiki, mimi Lornah, binti yake wa kwanza, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea maisha ya baba yetu, Tobias Were, aliyezaliwa Malakisi tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa Mzee Ogutu na Mama Namalwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na kule Jeshi la Wokovu likamfundisha kusoma noti na kupiga tarumbeta. Mwaka 1952 alifika Nairobi, akaajiriwa useremala na Bwana Pranlal huko Ngara, na tarehe 4 Disemba 1954 akafunga ndoa na mama yetu, Selpher Nanyama, wakajaliwa watoto watano, na wote tuko hapa.

Mwaka 1965 aliingia katika okestra, akawa mpigaji wa pili wa ile tarumbeta ya shaba iliyoviringwa, na kila Alhamisi alitoka kazini akaenda kwa miguu hadi Kitisuru kwenye mazoezi. Wapo waliosema fundi wa meza hatadumu pale, yeye akazidi kwenda.

Jumamosi, 17 Oktoba 1970, katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, okestra ilikuwa ipige simfonia ya Mrusi wa karne iliyopita, ambayo mahali fulani tarumbeta hiyo huimba peke yake, tena kwa muda mrefu. Saa kumi na moja jioni mpigaji wa kwanza alishikwa na homa kali, watu wakaanza kuzungumzia kuahirisha, ndipo kiongozi wa okestra akamwuliza baba, "Were, utaweza?" Baba akamjibu, "Nitaweza. Miaka mitano nimeketi kando yake nikisikiliza."

Mimi na mama tulikuwa viti vya nyuma, hatujui lolote, tukamwona amekalia kiti cha kwanza. Mama akanishika mkono, akasema, "Huyo ni baba yako, tulia usikie." Hakukosea hata noti moja, na mwishoni kiongozi alimsimamisha peke yake, ukumbi wote ukasimama. Tangu jioni hiyo kiti kile kilikuwa chake, hadi Februari mwaka huu wa 1978, figo zilipoanza kumsumbua.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni, saa tatu asubuhi, mama akiwa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngara waliopika na kukesha nasi, wenzake wa okestra waliosafiri hadi hapa Malakisi, na Bwana Pranlal, aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Baba, kazi uliiweza. Sasa pumzika kwa amani.