Mama Jivu Hakupiga Magoti

Ndugu zangu wa damu, majirani wa mtaa wa mafundi bati, wafanyakazi wenzake wa hospitali, wenzake wa tamthilia, na ninyi wageni wa safu ya tatu mliokuja na fulana mpya zilizochapwa picha yake, mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi majokofu, na wapwa zangu wawili wameniomba nisome historia ya mama yao kwa sababu wao sauti zimewakauka, na mimi nimezoea kupaza yangu juu ya kelele za mashine. Mwongoza ratiba amenipa dakika kumi, nami nimemwambia kwamba dada yangu hakuwahi kukata simu kabla mwenzake hajamaliza, kwa hiyo na yeye atanivumilia.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Aprili 1954, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa mpiga chapa na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, na mama alikuwa akitusimulia kwamba dada alizaliwa akitanguliza miguu, mkunga akasema huyu atakuwa mbishi, na kwa kweli mkunga yule alijua kazi yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, akamaliza mwaka 1967, na katika mwaka huo wa mwisho, mwezi Juni, wino ulimwagika juu ya daftari la mahudhurio la darasa lake, mwalimu mkuu akaamua mwenye kosa ni yeye, akamwamuru apige magoti juu ya kokoto mbele ya ofisi mpaka akiri, naye akapiga magoti siku ya kwanza, akapiga siku ya pili, na siku ya tatu akasimama, akajipangusa, akamwambia mwalimu mkuu kwamba kama sakafu ina wino yuko tayari kupiga magoti aisugue, maana hiyo ni kazi, lakini kumpigia mtu magoti kwa jambo ambalo hakulifanya, hapana. Alisimamishwa shule wiki mbili, na makovu ya kokoto zile mnayajua ninyi mliomwosha jana, yapo kwenye magoti yote mawili.

Baada ya sekondari na mafunzo ya miezi sita ya kupokea simu, aliajiriwa hospitalini tarehe 2 Januari 1973, katika chumba kidogo chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha, chenye ubao wa nyaya, kiti kimoja na feni iliyokuwa ikizunguka inapojisikia, akafanya kazi humo miaka thelathini na sita mpaka alipostaafu Aprili 2009, na kwa miaka yote hiyo kila simu aliyoipokea aliiandika kwenye daftari, tarehe, saa, aliyepiga, alichotaka, alichojibiwa, kwa sababu alikuwa akisema mali bila daftari hupotea bila habari, na neno la mtu nalo ni mali. Tabia hiyo aliihamishia nyumbani, na sisi wadogo zake tulimcheka sana, mpaka siku nilipofunua moja ya madaftari hayo nikajikuta nimeandikwa humo, tarehe 14 Julai 1996, saa moja jioni, mdogo wangu wa mwisho, anataka kuazima ngazi, nimemjibu aanze kwa kurudisha ile ya kwanza. Ngazi ile bado iko kwangu, dada, leo nakiri mbele za watu.

Kuhusu ndoa, marehemu aliolewa Jumamosi ya tarehe 10 Desemba 1977 na fundi mwashi ambaye alikuwa amempigia simu asubuhi kumi na moja mfululizo akiulizia hali ya mama yake mzazi katika wodi namba sita, na siku ya kumi na mbili, mgonjwa akiwa ameshatoka hospitalini na yuko nyumbani anakula vizuri, shemeji akapiga tena, na daftari la siku hiyo linasema hana mgonjwa, anapiga tu. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1979, ambaye sasa ni fundi wa maabara, na kijana aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1983, ambaye ni mpima ardhi, na shemeji alitutoka kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 5 Novemba 1999, dada akawamalizia watoto masomo peke yake bila kumlilia mtu.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo imewaleta wengi wenu hapa. Mwezi Mei 2011, kile kiwanda cha sabuni alichozaliwa mbele yake kilikuwa kimefungwa na kugeuzwa kuwa studio, wakaanza kurekodi humo tamthilia ya Madhabahu Mbili, ile ya miungu wa zamani na miungu wa sasa wanaogombania mioyo ya watu, na wakahitaji sauti ya mwanamke mtu mzima ya kusema maneno mawili tu kwenye simu, ndipo fundi sauti mmoja ambaye mama yake aliwahi kulazwa akakumbuka sauti ya hospitali. Dada alikwenda kwa maneno mawili akakaa miaka kumi na moja. Walimpa nafasi ya Mama Jivu, mungu wa zamani wa jiko, ambaye watu wameacha kumkumbuka, anaishi kwenye chumba cha uani cha jengo la ghorofa, na kazi yake iliyobaki ni kupita mlango kwa mlango akiuliza watu kama wamekula, huku adui yake, Bwana Kioo, mungu mpya anayekaa ndani ya kila skrini, akizidi kunenepa kwa macho ya watu. Makaa aliyokuwa akiyabeba kwenye kigae yalikuwa taa ndogo nyekundu, lakini majivu yaliyoyafunika yalikuwa ya kweli, aliyachota jikoni kwake na kuyapeleka studio kwenye kopo la maziwa, kwa sababu alisema jivu la dukani halina adabu.

Ninyi mashahidi jinsi ilivyokuwa. Alhamisi saa mbili usiku mitaa ilinyamaza, wafagiaji wa soko walimsalimia Mama Jivu kabla hawajasalimiana wenyewe, wazee waliosahauliwa na watoto wao walimpigia simu kumwambia kwamba leo wamekula, naye akaandika kwenye daftari, amekula, na wapo waliokuja mpaka mlangoni kuomba baraka, akawaeleza kwa upole kwamba yeye ni mstaafu wa simu, halafu akawapa chai.

Jumatatu ya tarehe 17 Oktoba 2022 ilikuwa siku ya kurekodi mwisho wa msimu wa mwisho, na maandishi yalisema kwamba Mama Jivu anapiga magoti mbele ya Bwana Kioo, anamkabidhi kigae chenye makaa, anasema zama zetu zimepita. Kamera ziliwashwa, dada akasimama. Zikawashwa tena, akasimama, na hivyo hivyo mara kumi na mbili, mpaka mwongozaji akamwonea huruma akatangaza kwamba bibi ana tatizo la magoti, atafutwe mtu wa kumwigiza kwa nyuma, na dada akajibu mbele ya mafundi wote kwamba magoti yake hayana tatizo lolote, asubuhi ile ile alikuwa ameyapiga akisugua sakafu ya jikoni, tatizo liko kwenye maandishi. Mimi siku hiyo nilikuwa pale nikitengeneza jokofu la kantini, na sijivunii nilichofanya, maana nilimvuta pembeni nikamwambia, dada, huu ni mchezo tu, piga magoti twende nyumbani, naye akaniangalia kama alivyoniangalia nilipokuwa mdogo nikiiba sukari, akaniambia kwamba kuna watu kila Alhamisi wanaketi kuangalia kama bado amesimama, na akipiga magoti yeye, amewapigisha wote. Nilirudi kwenye jokofu langu, nao jioni wakazima kamera sehemu hiyo ikiwa haijarekodiwa. Mpaka leo naona aibu, na nimeona niiseme hapa hapa akiwepo.

Mwezi Desemba mwaka huo figo zilianza kumsumbua, akalazwa katika hospitali ile ile aliyoitumikia, wodi namba sita, akapasuliwa tarehe 18 Januari 2023, akaruhusiwa kurudi nyumbani Februari akiwa dhaifu wa mwili lakini mdomo mzima kabisa, akaendelea kuwasahihisha wauguzi namna ya kujibu simu mpaka siku ya kutoka. Kijana anayeigiza Bwana Kioo, adui yake mkubwa mbele ya kamera, alikuwa akija karibu kila siku kumsomea magazeti, na kijana huyo leo ameketi upande wa familia ingawa wakubwa zake walimwelekeza akae safu ya tatu, mwanangu, tumekuona, asante. Jumanne ya tarehe 21 Machi 2023, saa tisa na dakika ishirini alasiri, marehemu alikata roho kitandani kwake, watoto wake wote wawili wakiwepo, zikiwa zimebaki siku ishirini na nne atimize miaka sitini na tisa.

Hapa ndipo historia ingeishia kama tungeachiwa tuomboleze. Jana Ijumaa, wapwa zangu walipokea bahasha kutoka kwa kampuni ya tamthilia, ndani yake mna kadi ya rambirambi na, nyuma ya kadi hiyo, karatasi ya kutia saini, inayoeleza kwamba marehemu alikubali kwa simu, siku ya Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, kwamba sura yake na sauti yake zitengenezwe kwa kompyuta ili sehemu ya mwisho ikamilike kama ilivyoandikwa, yaani apige magoti, na kwamba watoto wanaombwa tu kuthibitisha ridhaa ya mama yao. Binti yake alisoma akakaa chini. Mdogo wake akaniuliza, mjomba, inawezekana kweli mama alikubali, maana alikuwa amechoka sana siku zile, na mimi nikakwenda chumbani kwake, nikavuta droo iliyo chini ya simu.

Daftari lenyewe ni hili, la kurasa mia mbili, jalada la kijani, na wapwa zangu wameniruhusu niwasomee mstari mmoja kwa mwandiko wake, ambao siku hiyo ulikuwa unatetemeka lakini unasomeka. Tarehe 9 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mtayarishaji, anataka nipige magoti kwa kompyuta, nimemjibu hapana, ameuliza tena, nimemjibu hapana, amesema nipumzike tutaongea, nimemwambia tumeshaongea.

Wageni wa safu ya tatu, msiinamishe vichwa, hatujawatukana, tumewasomea tu simu yenu. Mlikuwa na miungu wenu wapya wa kutosha, wa skrini, wa matangazo, wa kila namna, na mlishindwa na mwanamke mmoja mwenye kopo la majivu, mkaona msubiri afe ndipo awatii, sasa amekufa na bado hawatii, kwa sababu alizaa watu na hakuzaa saini. Wapwa zangu hawatatia saini leo, hawatatia kesho, hata mrudi na mashada ya kujaza ukumbi huu. Kama tamthilia yenu haiwezi kuisha yeye akiwa amesimama, basi iacheni bila mwisho, watazamaji wake wanajua kusubiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliomhudumia kama mwenzao, na vijana wa chumba cha simu waliozima simu zote kwa dakika moja Jumatano asubuhi, jambo ambalo yeye mwenyewe angelikemea vikali. Tunawashukuru majirani wa mtaa wa mafundi bati walioacha kugonga bati siku nne hizi, tunawashukuru waigizaji na mafundi wa tamthilia waliokuja kwa miguu yao na kwa nguo zao wenyewe, na tunawashukuru wazee wote waliopiga simu wiki hii kusema kwamba wamekula. Tuliwaandika wote.

Sasa naomba mnisubiri kidogo, maana ukurasa huu una nafasi ya mstari mmoja chini, na daftari halifungwi likiwa halijakamilika. Naandika. Jumamosi tarehe 25 Machi 2023, saa tano na robo asubuhi, wamekuja wenyewe, wanataka dada apige magoti, nimewajibu hapana.

Pumzika kwa amani, dada yangu, safari hii simu nimeipokea mimi.