Saa ya Zambia na Mtihani Wangu wa Mwisho

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawaona benchi la nyuma mmeanza kucheka kabla sijasema kitu. Chekeni tu. Mchungaji amenipa dakika kumi, na amesisitiza ni dakika kumi za Tanzania. Mkinisikiliza mtajua kwa nini amesema hivyo.

Kwa wageni, mimi ndiye Baba Upendo, ninayeimba besi hata pale ambapo wimbo hauna besi. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha, kule Chapwa kwenye foleni ya malori ya mpakani. Navaa reflekta, nachukua karatasi za dereva, nazipeleka ofisini, nazirudisha kwa dereva. Mke wangu akiulizwa mumewe anafanya kazi gani, anajibu, "Anatembea."

Ndugu zangu, shule niliiacha kidato cha pili kule Ileje. Msinihurumie! Ada ilikuwepo. Baba aliuza kahawa akalipa. Niliacha kwa sababu nilikuwa najua kila kitu. Nikaja Tunduma najua kila kitu, nikakaa miaka kumi na tatu nabeba karatasi ambazo sielewi zimeandikwa nini. Ndipo Bwana akanisumbua moyoni nirudi. Nikafanya mitihani ya sekondari ya watu wazima, nikaanguka, nikarudia, nikafika mpaka chuo kikuu, hiki cha kusoma huku uko kazini. Siku ya kwanza nimeingia darasani na kipara changu, vijana wote wakasimama wakidhani mwalimu kaingia. Nikawaacha wasimame kidogo. Mungu anisamehe.

Lakini kusoma na kazi, jamani! Asikudanganye mtu. Nimesoma chini ya tela. Nimesoma kwenye ngazi ya lori linatembea. Daftari langu lina ukurasa umekanyagwa na tairi, na ndio ukurasa pekee niliokuwa naukumbuka. Likawepo somo moja, sitalitaja maana bado tunaogopana. Mara ya kwanza sikufika kwenye mtihani kwa sababu ya kazi. Mara ya pili nilifika, nikasinzia juu ya karatasi. Chuo kikaandika: mara ya tatu ndiyo ya mwisho, usipoufanya jina lako linafutwa. Miaka yote ile, ndugu zangu, ifutwe kama ubao!

Nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa. Akasema, "Mtihani saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, bosi. Pale sekondari ya mjini."

"Basi kuna magari matatu ya asubuhi. Yamalize, halafu nenda kaandike hizo ndoto zako."

Sasa sisi wa Tunduma tunajua jambo moja ambalo watu wa Dodoma hawalijui. Ukivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma. Huku ikiwa saa tatu, kule ni saa mbili. Ndiyo maana hapa mtu hasemi "tukutane saa nne" akanyamaza. Lazima aongeze, ya huku au ya ng'ambo. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa jambo hilo! Madereva wa Zambia wakichelewa ofisini nilikuwa nawacheka mpaka nashika mbavu. Kuna mmoja, mzee wa watu, tunamwita Ba Chanda. Nilimwambia mbele ya wenzake, "Ba Chanda, nyie hata jua linawachelewea!"

Asubuhi ya mtihani magari matatu nikayamaliza haraka. Naangalia simu: saa mbili kasoro dakika mbili. Nikasema haleluya, saa nzima yangu! Nikakaa kwa Mama Eliza, muuza chai wa foleni, nikaagiza chai na maandazi matatu, nikafungua daftari kama profesa.

Mama Eliza akaniangalia. "Mwanangu, si ulisema leo una mtihani?"

"Saa tatu, mama. Ongeza sukari."

"Saa tatu ya lini?"

"Ya leo! Sasa hivi ni saa mbili. Tulia mama yangu, wasomi hatukimbii."

Hapo hapo redio yake ikalia ile milio ya saa. Mtangazaji akasema: saa tatu kamili. Ndugu zangu! Nikaangalia simu, nikaangalia redio, nikaangalia andazi. Simu yangu ina laini mbili, ya huku na ya Zambia, na asubuhi hiyo ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo. Mwalimu wa saa kaliwa na saa!

Mama Eliza akanipokonya kikombe mkononi. "Kimbia, msomi!"

Sheria ya mtihani ni nusu saa. Ikipita nusu saa, mlango haufunguliwi. Nikadaka bodaboda. Dakika kumi hivi, tukakuta barabara imefungwa. Lori limeegeshwa kwenye mdomo wa yadi, kichwa ndani, tela lote barabarani. Huku lori, huku foleni, katikati magari madogo yanapiga honi. Bodaboda akasema, "Kaka shika vizuri, napita mtaroni." Na kweli njia ya mtaroni ilikuwepo. Ningepita!

Mama mmoja akatoa kichwa kwenye dirisha la gari dogo. "Baba! Wewe wa reflekta! Tusaidie, tunachelewa!"

Msidhani nilishuka kwa sababu ya utakatifu. Nilishuka kwa sababu sauti ile ilikuwa kama ya marehemu mama yangu akiniita niamke nikachume kahawa. Sikuwahi kuikataa sauti ile nikiwa mdogo, sikuweza kuikataa nikiwa na kipara. Bodaboda akaniambia, "Haya, baki na malori yako," akaondoka.

Watu walikuwa wanagonga mlango wa lori kwa mawe, dereva hafungui. Na hatafungua! Dereva wa foleni hafungui kwa anayegonga, maana mwizi naye anagonga. Anafungua kwa sauti ya mtu wake wa karatasi. Nikasogea niangalie namba. Ndugu zangu! Lilikuwa lori la Ba Chanda.

Nikaita. "Ba Chanda! Ni mimi, mtu wa karatasi!"

Pazia likafunguka. "Bwana, mbona fujo? Wewe mwenyewe ulisema jana niegeshe hapa, niingize gari yadi saa mbili na nusu. Sasa ni saa mbili na robo. Niache nilale!"

Mnaona? Mimi ndiye niliyempa saa! Na siku hiyo moja, mimi mwalimu, nilisahau kuongeza maneno mawili: ya huku. Barabara nzima nimeifunga mimi, kwa mdomo wangu.

Nikamwambia, "Ba Chanda, nisamehe. Ni saa tatu na robo. Kosa langu."

Akanitazama, akaanza kucheka. "Eh! Leo jua limemchelewea nani?"

Akawasha gari taratibu, mimi nikasimama mbele yake namwongoza kwa mikono: njoo, njoo, kata kulia, simama. Tela lilipoingia lote ndani ilikuwa saa tatu na nusu imepita. Nikakaa kwenye jiwe. Nikasema moyoni, Bwana, imekwisha. Nisamehe nilivyowacheka watu.

Gari la yule mama likasimama mbele yangu. "Ahsante sana, baba. Panda tukusogeze. Unaelekea wapi?"

Nikafungua mlango, nikaingiza mguu mmoja. "Nilikuwa naelekea mtihani wa chuo, mama, pale sekondari ya mjini. Sasa hivi naelekea nyumbani tu."

Yule mama akageuka. Kiti cha nyuma kulikuwa na askari amekumbatia boksi. Lina lakiri nyekundu. Ndiyo maana hakushuka kugonga lile lori: haruhusiwi kuliacha boksi hata dakika moja.

Mama akauliza pole pole, "Mtihani wa saa tatu?"

"Ndiyo, mama."

"Toa mguu kwenye gari langu."

"Mama?"

"Mtahiniwa hapandi gari lenye mtihani! Shuka! Wenzako wamekaa hapo tangu saa tatu wananisubiri mimi. Shuka ukimbie, baba, mtihani haujaanza!"

Ndugu zangu, mmewahi kuona mtu anafukuzwa kwenye gari akaruka kwa furaha? Nilikimbia nyuma ya lile gari na reflekta yangu, nalia, nacheka, vumbi lote langu! Nilifika natoka jasho kama nimebatizwa na nguo zangu. Tukaanza saa nne, pamoja, mimi wa mwisho kuketi.

Na somo lile nimefaulu. Ni C. Lakini ikunjueni ile C mtakuta ndani yake jina la Bwana!

Nimelifikiria jambo hili wiki nyingi na bado linanitetemesha. Saa ile ile iliyonichelewesha mimi ndiyo iliyouzuia mtihani barabarani. Kosa la mdomo wangu lilifunga njia mbele ya karatasi, likanisubiri. Na kama ningepita mtaroni, nani angemwamsha Ba Chanda? Sikupanga mimi. Mimi hata kupanga chai nilishindwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Eliza, ambaye bado ananidai maelezo kuhusu wasomi kutokukimbia. Na Ba Chanda, nilimwomba msamaha mbele ya wenzake wale wale.

Ndugu yangu unayesoma huku unafanya kazi, dada unayeficha daftari chini ya kaunta: usiache. Mpe Bwana hata makosa yako, anajua pa kuyaegesha. Bado nina mwaka mmoja wa chuo, niombeeni. Simu nimeshairekebisha. Lakini Bwana mwenyewe, mpaka leo sijui anatumia saa ya huku au ya ng'ambo. Ninachojua, nilipofika kwa kuchelewa, nilimkuta ananisubiri.