Mahali pa Ioteba Kabwebwe

Wazee wa maneaba hii, nyumba yetu ya mikutano, ndugu na majirani, historia hii ya marehemu Ioteba Kabwebwe inasomwa na kaka yake, Mikaere, kwa niaba ya familia, na sauti yake ikikatika njiani mvumilieni, kwani analo la kusema ambalo alipaswa kulisema zamani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa kisiwani Nonouti, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Kabwebwe na mkewe, Nei Bwaatia, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1968 hadi 1975, kisha sekondari na chuo cha ualimu huko Tarawa, akahitimu tarehe 3 Desemba 1982. Kila likizo baba aliwashusha wanawe wawili kwenye shimo la babai, magimbi ya ukoo, akawafundisha jani gani la mbolea litangulie na lipi lifuate, akawaapisha kwamba maneno yale hayatatoka nje ya familia, maana ukubwa wa babai unalolileta karamuni ndiyo heshima yako.

Alianza kufundisha jiografia huko Tarawa tarehe 17 Januari 1983, akafunga ndoa na Nei Teretia tarehe 9 Juni 1987, wakajaliwa watoto watatu, ambao wa kwanza wao alifariki akiwa na miezi minne, na waliobaki ni Nei Akoia na Tioti, mnaowaona hapa mbele.

Intaneti ilipofika shuleni, marehemu alitafuta tovuti za kuwafundisha wanafunzi maeneo makuu ya uhai duniani, akapata misitu ya mvua, nyika, majangwa na nchi za barafu, zote na picha zake, kwa watoto ambao hawajaona hata mto, sembuse simba, mpaka siku moja mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, mbona sisi hatumo?" Marehemu alitafuta wiki nzima, na kweli hatukuwemo, basi akaanza kuandika kurasa zake mwenyewe, na shule za visiwani zisizo na mtandao akazinakilia kurasa hizo kwenye flashi na kuzituma kwa meli. Tarehe 8 Agosti 2010 aliweka mtandaoni somo la kisiwa cha matumbawe, ufuo wake, vichaka vyake, maji matamu yanayolala juu ya maji ya chumvi, na shimo la babai, na hapo ndipo alipoteleza, kwa sababu aliandika yote aliyofundishwa na baba, jani kwa jani, pamoja na mchoro. Majani hayo hayatatajwa hapa.

Siku ya Pasaka, tarehe 8 Aprili 2012, familia ya mzee Teibi ilileta babai la kubebwa na wanaume wawili, letu likaonekana kama kiazi, na Teibi akasema mbele ya maneaba nzima, "Jamani, tusinyimane shukrani, mwalimu wa kina Kabwebwe ametufundisha bure!" Watu walicheka hadi machozi. Mikaere hakucheka, alimgeukia mdogo wake akamwambia, "Umemvua nguo baba kaburini. Hapa hukai tena." Marehemu alijibu, "Sawa, kaka," akainuka kwenye mkeka wa familia, na kwa miaka kumi na miwili hakuukalia, hata aliporudi kijijini baada ya kustaafu mwaka 2017 alikuwa akiipita maneaba kwa nje, ameinamisha kichwa.

Tarehe 11 Februari 2019 bahari ilipanda, ikaingia mashimoni, magimbi yote yakaoza. Mvua za miaka miwili zilipopunguza chumvi, Mikaere alishuka kupanda upya, akakuta mpangilio wa majani umemtoka kabisa kichwani, akaketi ukingoni mwa shimo akilia, mpaka mjukuu wake, Nei Tina, akafungua simu na kumwambia, "Babu, si hili hapa, somo la babu Ioteba? Tulilisoma darasa la tano." Akamsomea, na yalikuwa maneno ya baba, hata utani wake ulikuwemo.

Babai likashika. Mikaere aliazimia kumpelekea mdogo wake la kwanza na kumrudisha mahali pake, lakini alitaka liwe kubwa, lisiwe la aibu, akangoja mwaka, akangoja na mwingine, na ngojangoja huumiza matumbo.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2014, akakatwa mguu wa kushoto huko Tarawa tarehe 20 Mei 2023, kisha figo zikashindwa, na Nei Akoia alipopiga simu kusema baba anamuulizia kaka yake, Mikaere alijibu, "Mwambie nakuja, bado kidogo tu." Ioteba alifariki tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 62.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mabaharia waliomleta nyumbani, majirani waliosuka mikeka, walimu wenzake, ambao wameomba kurasa zake zibaki mtandaoni, nasi tumeridhia, na mzee Teibi, aliyechimba kaburi bila kuombwa.

Babai lile liling'olewa jana, lingali dogo, na leo kila mmoja atapata kipande. Jeneza mnaliona lilipo, juu ya mkeka wa familia, kushoto kwa Mikaere, palepale marehemu alipofukuzwa. Ioteba, mwenye kosa ni mimi, kaka yako. Kaa, hapa ni mahali pako, pumzika kwa amani, mdogo wangu.