Kuponi Moja kwa Kaya Moja

Kwenye kona ile, kati ya duka la vitambaa na kibanda cha kutengeneza pasi na redio, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu. Mguu wa nne ni tofali, na anayekaa upande huo haruhusiwi kucheka kwa nguvu. Kahawa ni ya Bi Chenji, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu aanze biashara hajawahi kuwa na chenji. Upande wa tofali hukaa Profesa, karani mstaafu anayesoma gazeti la juzi kwa makini kuliko wengine wanavyosoma la leo. Katikati ni Tripu, msukuma mkokoteni, kazi yake kuhamisha watu nyumba. Na mwishoni, karibu na kibanda chake ili amwone mteja akija, ni Fundi Waya. Asubuhi hiyo Fundi Waya alikuwa hajagusa kahawa yake. Alishika kipande cha gazeti kwa ncha za vidole, kama picha ambayo bado haijakauka.

— Hebu tusomee tena, akasema Bi Chenji. Polepole, mimi sina haraka.

— "Godoro nusu bei. Mwisho leo saa sita mchana. Kuponi moja kwa kaya moja."

— Sasa tatizo liko wapi? akauliza Tripu. Peleka kuponi, chukua godoro, mimi nakubebea.

— Tatizo ni kwamba Jumamosi tulishatumia moja, tukachukua godoro la watoto. Hii ya pili nimeipata jana, mteja kaniletea pasi kaifunga kwenye gazeti. Na godoro hili nalitaka la mama.

Mama yake Fundi Waya alikuwa na mwezi wa nne tangu ahamie kwake. Alilala sebuleni nyuma ya pazia, kwenye godoro lililochakaa mpaka ukilalia unajua sakafu ina nyufa ngapi. Kila asubuhi aliamka ameshika kiuno, na akiulizwa alisema amelala vizuri mno. Jumamosi, pesa ilipokuwa ya godoro moja tu, yeye mwenyewe ndiye aliyesema watoto kwanza. Fundi alikubali haraka kuliko ilivyopasa, na tangu siku hiyo jambo hilo lilimkera. Godoro kwa bei nzima lilikuwa sawa na pasi arobaini za kutengeneza. Kwa nusu bei ni pasi ishirini, na ya ishirini aliimaliza jana.

— Basi swali ni moja tu, akasema Profesa, akavua miwani. Kaya ni nini?

— Kaya si ni familia, akasema Fundi.

— Thubutu! Mimi nina familia miji minne, hakuna hata mmoja anayejua nimekula nini jana. Kaya ni kitu kingine.

— Kaya ni sufuria, akasema Bi Chenji huku akipuliza mkaa. Mnaokula sufuria moja, kaya moja. Mambo ya kuzunguka ya nini?

— Sufuria? Tripu akaruka. Mimi nakula mgahawani kila siku, sufuria moja na watu arobaini. Ina maana sisi wote kaya moja? Na yule mpishi anayetutukana ndiye mama yetu?

— Anavyowatukana, ni mama yenu kabisa.

Benchi likacheka, isipokuwa Profesa, aliyecheka kidogo kwa ajili ya tofali.

— Sikilizeni mtu mwenye uzoefu, akasema Tripu. Nimehamisha watu miaka kumi na moja. Kaya ni kufuli. Mwenye kufuli lake, kaya yake. Fundi, mama ana kufuli?

Fundi akafikiri.

— Ana sanduku. Sanduku lina kufuli, na ufunguo anautembeza shingoni.

— Umeona! Kaya hiyo! Kuna mtu mwingine humo ndani anaruhusiwa kufungua?

— Hata mimi haniruhusu.

— Basi ni kaya, na mkuu wa kaya ni mkali.

— Kwa hiyo mtu anakaa ndani ya sanduku? akauliza Bi Chenji.

— Sijasema anakaa. Nimesema makao yake makuu yako pale.

Fundi Waya akaanza kuonja kahawa. Kila nadharia, hata iliyochanganyikiwa, ilimsogeza dukani hatua moja. Alijua karani wa mauzo atamuuliza, na yeye si mtu wa kusema uongo mbele ya kaunta, shavu humcheza. Alitaka sababu iliyo kweli, hata kama ni kweli ya kulazimisha.

— Kufuli ni mambo ya wahamaji, akasema Profesa. Kaya hasa ni mkoromo.

— Nini?

— Mkoromo. Mtu akikoroma akakuamsha, ninyi ni kaya moja. Asipokuamsha, huyo ni jirani tu. Fundi, mama anakoroma?

— Sana.

— Anakuamsha?

— Mimi siamki hata radi ipige. Anamwamsha mama watoto.

Profesa akaipima kesi.

— Hapo ni kesi ngumu. Ni kaya moja na mkeo, lakini si na wewe.

— Sasa mimi na mke wangu je?

— Hayo mtayamaliza wenyewe nyumbani.

Tripu akainuka, akapiga makofi mara moja kama mtu aliyepata dawa.

— Achaneni na mikoromo, dawa ninayo. Mama anahama leo! Sasa hivi nakwenda na mkokoteni, napakia sanduku, natoka naye getini, tunazunguka mtaa mpaka kwenye kituo cha maji. Pale tayari ni mtu aliyehama, kaya yake mbali. Mnachukua godoro kwa nusu bei. Saa saba namrudisha, naye juu ya godoro lake, analala njiani.

— Na majirani wakiuliza? akasema Bi Chenji.

— Waambiwe ni ofa.

Hata Fundi Waya alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole. Kisha Bi Chenji, ambaye huuliza maswali akiwa amewapa mgongo, akauliza lake.

— Lakini hao dukani watajuaje kuwa ni kaya ileile? Watakujua sura?

— Kuna fomu. Jumamosi nilijaza. Jina, mtaa, idadi ya watu katika kaya.

— Ukaandika wangapi?

— Watano.

— Wataje, akasema Profesa.

— Mimi, mama watoto, na watoto watatu.

Profesa akasahau tofali, akapiga paja, benchi likayumba na vikombe vikagongana.

— Maandishi! Jamani, maandishi! Mama hayumo! Kwa mkono wako na sahihi yako, mama si kaya yako!

— Umepata godoro! Tripu akamkumbatia. Nenda kifua mbele. Wakiuliza, waambie wafungue faili lao.

Fundi Waya hakuwa na kifua cha kuweka mbele. Hakuwa amefanya hila yoyote Jumamosi. Miaka saba, shuleni, hospitali, kwa mwenye nyumba, kila alipoulizwa mko wangapi mkono wake uliandika tano bila kumwuliza. Siku ile ulifanya vivyo hivyo, na mama alikuwa amesimama kando yake pale pale, ameshika kona ya godoro la wajukuu lisiburuzike chini. Aliona vibaya mpaka akaweka kikombe.

— Sikumtoa mimi, akasema. Nilimsahau.

— Na ndiyo bahati yako! akasema Tripu. Ungemkumbuka, leo ungelipa pasi arobaini.

Saa nne ilikuwa imeshapita. Fundi alikunja kuponi, akaikunjua. Alikuwa bado hajaamua airudishe mfukoni au asimame nayo, mama yake alipotokea upande wa duka la vitambaa na kikapu mkononi.

— Shikamoo mama! wakamwamkia wote kwa pamoja, kwa sauti ya watu waliokuwa wakimsema.

— Marahaba wanangu. Mmefurahi leo, nimewasikia tangu kule. Siwakawizi, nina swali dogo tu.

— Uliza mama, akasema Profesa. Hapa ndipo mahali pake.

— Mkwe wangu kanituma skonzi za chai, moja moja kwa kila mtu. Sasa pale dukani wameweka ofa: ukilipia tano, ya sita bure. Nikasimama, nikajiuliza, nisije nikazidisha au nikapunguza. Akamgeukia mwanawe. Eti baba, pale kwetu huwa mnahesabu wangapi?

Profesa akavaa miwani, akatafuta jambo kwenye gazeti la juzi. Tripu akainama kuangalia gurudumu ambalo halikuwa na kasoro. Bi Chenji akapuliza mkaa uliokuwa umeshakolea. Fundi Waya alifungua mdomo, na shavu likaanza kumcheza kabla hajasema neno lolote.

Mama akawatazama mmoja mmoja, akacheka.

— Ninyi nanyi, kitu kidogo hivi! Msiumize vichwa. Nitalipia tano, hiyo ya bure itakuwa yangu.

Akaweka kikapu sawa mkononi, akaondoka amefurahi kwamba amepata nafuu.

— Mama! akaita Fundi Waya.

Mama akageuka, akangoja. Fundi alikuwa ameshasimama, na hakujua aanze na skonzi, na fomu au na godoro.