Harufu ya Moshi Katikati ya Maombi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza sauti yangu haikutoka vizuri.

Wengi wenu hapa Mbale mnanijua. Mimi ni Khainza, binti wa yule sajini mstaafu wa magereza anayekaa benchi la pili upande wa dirisha. Nimekulia katika laini za askari, zile nyumba za magereza, ambako Mgisu, Mteso na Mwacholi tulichota maji bomba moja, ndiyo maana nazungumza nanyi kwa Kiswahili. Mlinijua nikiwa mtoto wa kuuliza kama radi inaweza kupita kwenye bati. Nikasoma, nikahitimu chuo, nikapata kazi Jinja, na kuuliza sikuacha.

Ndugu zangu, niwaeleze hofu yangu ilikuwa ya namna gani. Nilipanga chumba huko Jinja, mtaa wa Nalufenya. Asubuhi nilikuwa nafunga mlango, natembea hatua thelathini, narudi kuhakikisha kwamba nimeufunga. Nikishahakikisha, naanza kufikiri kwamba huenda katika kuhakikisha nimeufungua. Barua ya ukurasa mmoja niliisoma mara sita kabla ya kuituma. Kifua kilinibana, viganja vikalowa jasho. Nilikwenda kwa daktari, akaniambia moyo wangu ni mzima. Nikawaza kwa wiki mbili jinsi alivyolitamka hilo neno "mzima".

Ofisi yetu ni ya wapima ardhi, na iko ghorofa ya tano katika jengo la ghorofa sita. Kampala watu wangelicheka jengo kama hilo, lakini kwa Jinja ni refu. Siku yangu ya kwanza nilihesabu vidato vya ngazi za dharura kutoka ghorofa ya sita hadi chini. Vilikuwa mia moja na nane. Hakuna mtu aliyenituma.

Mlinzi mkuu wa jengo hilo anaitwa Afande Ramadhani, mzee wa kabila la Wanubi aliyestaafu jeshini. Kila baada ya miezi michache alitupigia kengele ya majaribio na kutufundisha habari za moto. "Moto hauna cheo," alisema. "Haujui nani meneja, nani mfagizi." Ukisikia kengele, acha mkoba, acha chai. Lifti usiiguse. Kabla ya kufungua mlango uguse kwa mgongo wa kiganja, na ukiwa na joto uache. Pakiwa na moshi inama, kwa kuwa hewa safi hukaa chini. Funga mlango nyuma yako. Shuka, vuka barabara hadi uwanja wa malori, simama uhesabiwe, na ukishatoka usirudi.

Watu walimcheka yule mzee! Wengine walijificha chooni hadi zoezi liishe. Mimi niliandika yote kwenye daftari, kisha nikauliza maswali kumi na moja.

"Binti," akaniambia, "wewe unauliza kuliko jaji. Koti utavaa wewe."

Akanipa koti la njano lenye mistari inayong'aa, na filimbi. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu wa ghorofa ya tano na ya sita, na kuwahesabu.

Sasa, ndugu zangu, ghorofa ya sita kuna ukumbi mtupu, na kila Jumatano saa saba mchana tulikuwa na maombi humo, sisi wafanyakazi wa jengo. Aliyetuongoza ni Mama Akello, anayefanya kazi ya masijala katika ofisi ya ghorofa ya pili. Ni mama mnene, mwenye upendo mwingi na magoti mabovu. Aliniona nikitetemeka wakati wa sala, akanishika mkono. "Mwanangu, hii si wewe. Hii ni roho ya hofu." Wakaniwekea mikono. Nami nasema kweli mbele za Mungu, nilisikia amani. Usiku ule nililala kama gunia la mahindi.

Jumatano iliyofuata nikasimama nikashuhudia kwamba hofu imekwisha. Wakapiga makofi na vigelegele. Ndipo Opio, kijana anayetupigia kinanda, akasema kwa utani, "Na ile koti ya njano je? Mtu amefunguliwa, koti ya moto ya nini?" Watu wakacheka. Mama Akello hakucheka, lakini aliniambia kwa upole kwamba kila nikilivaa ninaukiri moto, kana kwamba nauita.

Niliposhuka nililirudisha. Afande Ramadhani alinitazama.

"Umepona?"

"Nimepona, afande."

"Alhamdulillahi. Lakini koti hili halikuwa dawa, binti. Lilikuwa kazi."

Akalitundika kwenye msumari nyuma ya meza yake, na hakumpa mtu mwingine.

Ndugu zangu, wiki moja tu ikapita.

Jumatano ile tulikuwa ishirini na watatu. Nilikuwa nimejiapiza nisihesabu tena, lakini niliwahesabu wakiingia. Opio alikuwa ameleta spika mpya, kubwa, na madirisha yalitikisika. Tukafumba macho, tukaimba. Katikati ya wimbo wa kwanza nikasikia harufu ya moshi.

Mtu mwingine angefumbua macho aseme, kuna nini? Mimi nilianza kuwaza. Labda ni mama wa jikoni ameunguza posho, ule ugali wa mchana. Labda ni takataka nyuma ya jengo. Labda ni lori linapita. Labda hakuna harufu kabisa, ni ile hofu imerudi na imebadilisha nguo. Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo. Nilifikiri: wiki iliyopita ulisimama mbele ya watu hawa ukasema umefunguliwa. Leo uwaambie nini? Kwamba Mungu alifanya kazi nusu? Watakuwekea mikono tena, na Opio atapata la kusimulia mwezi mzima.

Nikakaa kimya. Wimbo wa kwanza ukaisha, nami kimya. Wimbo wa pili ukaanza. Watu ishirini na wawili walikuwa karibu nami wamefumba macho, na mimi niliyefundishwa nilikuwa nalinda jina langu. Nalisema hili kanisani kwa sababu ndiyo dhambi yangu. Kuogopa si dhambi yangu. Dhambi yangu ni kwamba niliona aibu kuogopa, hata nikawa tayari watu waungue.

Harufu ikabadilika. Haikuwa tena ya kitu cha kupikwa. Ilikuwa chungu kooni, ya waya na plastiki. Bado sikuwa na hakika! Mtu kama mimi hana hakika hata siku moja. Ndipo nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Nikasema: Bwana, kama hakuna kitu, basi niaibike. Nakubali niaibike.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofunguliwa. Kifua hakikuacha kubana. Viganja vililowa vilevile. Lakini miguu ilisimama, ikanipeleka hadi ukutani, na mkono wangu ukachomoa waya wa spika.

Sauti ikakatika. Watu wakafumbua macho. Opio akageuka, mikono bado iko kwenye kinanda.

"Wewe Khainza! Si ulifunguliwa juzi tu?"

Wengine wakaanza kucheka. Na katika kile kicheko tukasikia kengele ya moto. Ilikuwa inalia huko chini, na sijui ilikuwa imelia kwa muda gani. Spika yetu ilikuwa imeimeza.

Hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja akaanza kukemea moto kwa jina la Bwana, wengine wakaitikia, na mama mmoja akapiga magoti. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Tutaomba tukishuka! Acheni mikoba. Tunatoka sasa!"

Nikatoka wa kwanza kwenye ujia. Lifti na ngazi kubwa ziko upande mmoja. Nikagusa mlango wa ngazi kwa mgongo wa kiganja. Haukuwa na joto, lakini moshi ulikuwa unapenya chini yake, mweupe kama unga unaomwagika. Nikawaambia ngazi hizo tuziache. Mwisho wa ujia kuna mlango wa chuma, na nyuma yake ngazi nyembamba za dharura. Wafanyakazi wengi hawajawahi kuzikanyaga. Nikafungua, nikanusa. Hewa ilikuwa safi. Nikamweka Opio mbele, nikamwambia ashike chuma cha pembeni, asikimbie, asisimame hadi avuke barabara. Akaniangalia, akasema "Sawa, dada," akaenda. Nikasimama mlangoni nawahesabu wakipita, mmoja mmoja. Ishirini na moja. Nikajihesabu na mimi, ishirini na mbili. Mmoja hayupo.

Nikageuka. Mama Akello alikuwa amesimama mbele ya lifti, amekwisha kubonyeza kitufe.

"Mama, lifti hapana."

"Mwanangu, magoti yangu hii unaijua. Nitashukaje ghorofa sita? Enda wewe. Mimi Bwana atanishusha."

"Bwana atakushusha kwa ngazi, Mama."

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Nilimshika mkono nikamvuta, mama wa rika la mama yangu, naye akanifuata huku akiniita mkaidi. Nikafunga mlango wa chuma nyuma yetu. Alishuka vidato sita, magoti yakakataa. Moshi ulikuwa umeanza kuonekana hata huko, kidogo. Nikamwambia, "Kaa chini, Mama. Tushuke kwa matako, kama watoto."

"Mimi? Na hii gomesi yangu?"

"Na gomesi yako."

Akalikusanya lile gauni lake refu, akakaa. Nikakaa kidato kimoja mbele yake ili akiteleza aniangukie mimi. Tukashuka hivyo, kidato baada ya kidato. Kumbe chini ndiko hewa ilikuwa nzuri. Nilihesabu kwa sauti ili nisifikiri kitu kingine, na yeye akawa anaitikia "amina" kila namba. Tulipofika ghorofa ya tatu, ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa na joto. Nikaugusa, sikumwambia, wala sikuacha kuhesabu. Kidato cha tisini na tano akaanza kucheka, akasema akifika chini gomesi ile ataichoma mwenyewe. Cha mia moja na nane tukatoka kwenye jua.

Upande wa mbele wa jengo, haya niliambiwa baadaye, mambo yalikuwa karibu kuharibika kwa jambo dogo sana. Mnajua desturi ya majengo yetu. Mgeni akiingia, anaacha kitambulisho chake cha taifa mapokezini. Sasa kengele ililia, wageni wakashuka, na badala ya kutoka wakaizingira meza ya mapokezi kudai vitambulisho! Kila mmoja anataja jina lake, wanasukumana, na walio nyuma yao kwenye ngazi wamekwama katika moshi. Afande Ramadhani hakubishana na mtu. Alibeba sanduku lote la vitambulisho juu ya kichwa, akatoka nalo, akavuka barabara. Watu wote wakamfuata kama vifaranga.

Tulimkuta uwanja wa malori amesimama na karatasi yake, anaita ghorofa moja moja. Aliponiona namleta Mama Akello, gomesi imechafuka vumbi nyuma, hakuuliza chochote kuhusu koti.

"Ghorofa ya sita?"

"Ishirini na watatu, afande."

"Wote?"

"Wote."

Akaandika. Ndipo nikalia.

Polisi wa zimamoto walikuja wakauzima. Moto ulianzia ghorofa ya tatu, kwenye duka la fotokopi ambako mashine nne zilikuwa zimechomekwa kwenye waya mmoja. Chumba kile kiliteketea na kingine jirani yake. Hakuna aliyekufa. Lifti ambayo Mama Akello aliiita ilikutwa imesimama ghorofa ya tatu, milango wazi, ndani nyeusi kama sufuria. Aliponiona siku ya pili alinifungulia mikono. Alinikumbatia kwa muda mrefu mbele ya watu wa ofisi yake.

Bado tunaomba kila Jumatano. Spika ni ile ndogo. Na Mama Akello ameweka zamu: kila wiki mmoja wetu anakaa karibu na mlango na kuomba macho wazi.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Namshukuru kwa uhai wa watu ishirini na watatu, na kwa mzee wa dini nyingine aliyetufundisha huku tukimcheka. Wala sitadanganya mara ya pili: asubuhi ya leo nimerudi mara mbili kuangalia mlango. Lakini nilidhani Mungu atanitumia nikishaacha kutetemeka, naye alinitumia nikiwa natetemeka. Kama umeombewa na moyo wako bado unadunda kwa hofu, usijifiche wala usimkatie Mungu tamaa. Mwambie hali ilivyo. Kisha simama ufanye lile ulilopewa kufanya.

Na kwa kuwa nimeamua kusema yote, niseme na hili. Tangu nishike maikrofoni hii nimekuwa nikiutazama ule mlango nyuma ya kwaya. Umezibwa kwa viti vya plastiki, vimepangwa hadi juu. Leo tumejaa, wazee na watoto, na mlango tunaoweza kutokea ni mmoja tu. Mchungaji, unisamehe, najua viti ni vya harusi ya Jumamosi. Lakini kabla hatujasema amina, naomba watu wawili wasimame waje mbele, tuviondoe. Baba, wewe kaa, mgongo wako naujua. Wawili tu.

Nani atakuja?