Migongo Yetu Ilikuwa na Mafuta

Mgeni rasmi, mama yetu Mkurugenzi,

MAKARIBISHO
Karibu kisiwani kwetu Vava'u. Nguruwe yumo shimoni kwenye mawe ya moto, viazi vikuu viko njiani kuiva. Ahsante kutoka Auckland kuja kuzindua vitambaa vyako vya unyevu vya kufutia watoto. Makasha tunayaona hapo nyuma yako. Utepe nao tunauona.

HISTORIA
Mwaka jana mlimtuma mtaalamu, Bwana Neville, apime kama vitambaa hivyo ni salama kwa ngozi. Alitaka watoto, mama zao wakakataa. Akasema, "Basi nipeni mabibi. Ngozi ni ngozi." Tukajitolea, akatubandika vipande vya kitambaa mgongoni kwa plasta.

Sasa, kwetu huendi mbele ya mgeni umekauka kama ng'onda. Tulikuwa tumejipaka mafuta ya nazi toka shingoni hadi kiunoni. Plasta zikateleza.

"Mmejipaka nini, mama zangu?"

"Mafuta tu, mwanangu, kwa heshima yako."

"Mnanukia vizuri," akasema, akakandamiza tena.

MAFANIKIO
Hakuna bibi aliyetoka hata kipele. Kwenye kasha mmeandika: "Kimepimwa kwenye ngozi laini kabisa." Tunashukuru sana. Hata marehemu waume zetu hawakuwahi kutuambia hivyo.

CHANGAMOTO
Ni moja tu, na inaitwa Heneli, mjukuu wa mwenzetu Kalolaine, bado ananyonya. Alifutwa kwa pakiti ya zawadi aliyotuachia Bwana Neville, na jioni makalio yakawa mekundu kama kaa aliyechemshwa. Wakaacha, yakapona. Wakarudia, yakarudi. Kalolaine akampigia simu Bwana Neville.

"Bibi, labda ni chakula chake."

"Mwanangu, anakula titi."

"Basi labda mama yake kala kitu."

"Kala nini hicho, mpaka kikatokee makalioni kwa mtoto?"

Simu ikakatika. Na leo makasha haya yanagawiwa kwa kila mtoto wa kisiwa hiki.

MAOMBI
Tunaomba utepe usikatwe kwanza. Mpime upya. Leo tumejisugua kwa sabuni, tumekuja wakavu. Mtuwie radhi kwa kukosa adabu.

Ila kwa kuwa ngozi ni ngozi, mama, tunaomba uanze wewe. Mkono wako hauna mafuta, tumeuona ulipotusalimu. Plasta tumekuja nayo. Kalolaine amekaa hapo mbele na Heneli, hawana haraka. Nguruwe naye atasubiri.

Mungu akubariki, aibariki safari yako, aubariki na mkono wako wa kushoto, ambao tunauomba sasa hivi.

Ni sisi,
Mabibi Wasuka Mikeka wa kijiji cha Leimatu'a.